Kalamu ya Baba Mkononi mwa Egidius

Bagara, Babati
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Consolata,

Ungekuwa hapa ungeniamkia kabla sijakaa, kwa hiyo marahaba. Habari za Tabora? Na huo mguu waliouwekea vyuma, umeanza kuukanyagia? Usiuharakishe, mfupa wa mtu mzima huunga taratibu. Sisi tunaendelea. Mahindi yamekauka vizuri, ila maharage mvua iliyaozesha.

Nakuandikia kwa sababu simu yako huishika mwanao Joyness, naye huweka sauti kubwa nyumba nzima isikie. Barua hii isome peke yako.

Siku ya maziko uliuliza kwa simu kaka yako Egidius aliwezaje kuandika neno lake la mwisho, ilhali kiharusi kilimnyima kauli na kumwachia mkono mmoja tu, tena dhaifu. Aliandika kwa kalamu ya wino ya marehemu Baba. Tulijaribu kwanza kalamu hizi za dukani. Zina kigololi nchani, nacho hakizunguki mpaka ukikandamize. Egidius hakuwa na nguvu hiyo. Kalamu ya wino haitaki nguvu. Ukiigusisha tu karatasi, wino huteremka wenyewe kupitia ufa mwembamba wa ncha. Nikaitoa sandukuni.

Ilikuwa imekufa. Wino wa zamani ulikuwa umegandia ndani. Niliiloweka kwenye maji ya vuguvugu, nikiyabadilisha kila yalipogeuka bluu, mpaka yakabaki meupe. Ya moto hayafai, hupindisha mwili wa kalamu. Kifuko cha mpira kinachonyonya wino kilikuwa kikavu, kikavunjika kama ganda la yai. Nikajaribu kidole cha glovu ya hospitali, kikavuja. Mwishowe nikachukua kipira cha chupa ya dawa ya matone, nikakibandika kwa gundi ya fundi viatu, kikashika. Wino wa mhuri niliukataa kwa kuwa ni mzito, ungeziba njia. Aikande, mwenye duka la vifaa vya shule pale Maisaka, alinicheka, akasema, "Mwalimu, hiyo tuipeleke makumbusho, na wewe uende nayo ukawaelezee wageni." Hata hivyo aliniagizia chupa ya wino kutoka Arusha.

Haraka yangu ilikuwa kwa ajili ya Marcelino, mwana wa kwanza wa Egidius. Unakumbuka tulimwita kutoka machimboni Mererani mama yake alipofariki, akajibu kwamba shimo lao linakaribia kutoa mawe ya thamani, asingeweza kuliacha. Hakuja. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini. Siku ile nikautupa mimi. Tangu hapo Egidius hakutaka hata jina la mwanawe litajwe mbele yake. Kiharusi kilipompata, Marcelino alirudi Bonga, nyumbani kwa baba yake, akawa anamgeuza baba yake kitandani, anamwosha, anamnywesha uji kwa kijiko. Aliniambia hataki shamba wala nyumba. Alitaka neno moja tu kabla baba yake hajaondoka.

Basi nikamwekea Egidius kalamu kati ya vidole, nikashikilia ubao chini ya karatasi. Marcelino alipiga magoti upande wa pili wa kitanda, kichwa ameinamisha. Kalamu iliteleza bila kukwaruza. Nilifurahi kama fundi, kabla sijasoma. Herufi ziliyumba, lakini zilisomeka: Marcelino asinitupie udongo.

Marcelino akauliza bila kuinua kichwa, "Baba mkubwa, amesemaje?"

Nikamjibu, "Amesema amekusamehe. Udongo wa kwanza utautupa wewe."

Consolata, masikio ya Egidius yalikuwa mazima. Alinitazama. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kalamu, apate kuandika tena. Niliifunga kifuniko, nikaitia mfukoni. Marcelino alidhani mkono ule unamtafuta yeye. Akauchukua, akauweka juu ya kichwa chake, akalia. Egidius hakuwa na nguvu ya kuuondoa.

Karatasi niliichoma jikoni. Egidius aliendelea kuishi siku kadhaa, na kila nilipoingia alinitazama usoni, kisha mfukoni. Sikumpa.

Kaburini Marcelino alitupa udongo wa kwanza, na wewe kwenye simu ukamshukuru Mungu kwa moyo mwema wa kaka yako. Sikuweza kukuacha uendelee kushukuru kwa jambo ambalo halikuwapo. Egidius alikufa hajasamehe, tena akijua kwamba mimi, mkubwa wake, nilimpa neno kwa mkono mmoja nikamnyang'anya kwa mwingine. Msamaha ule ni wangu, na sikuwa na haki ya kuutoa. Pamoja na hayo, Marcelino sasa anakula na anapata usingizi. Akiniuliza kesho nitamjibu vilevile. Nawe akikuuliza, nakuomba umjibu hivyo hivyo.

Nisalimie Joyness na wanawe, na mzee Anselm jirani yako. Mke wangu Evangelina anakusalimu sana. Yeye hajui lolote. Mungu auimarishe huo mguu.

Ni mimi kaka yako,
Aniceti