Wimbo wa Mama Kwenye Kanda ya Nyamizi

Dada Nyamizi,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini siwezi kuanza kwa namna nyingine, wewe ndiye mkubwa wangu.

Dada, wimbo wa Mama umefutika. Naanza na hilo kwa sababu nikizunguka nitashindwa kulisema. Ile kanda yako, uliyojirekodi mwenyewe chumbani kwetu Cheyo huku umeziba dirisha kwa blanketi, haina tena wimbo wa Mama. Nyimbo nyingine zote zipo. Ule tu.

Ilikuwa siku ya matanga. Mtani wetu, yule Mgogo fundi baiskeli, alifanya kazi yake ya utani: akajifunga kitenge chako, akapakata gitaa lako, akajilaza kwenye mkeka wako akidai marehemu amenyimwa nyama. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha akataka kuonyesha ulivyokuwa ukijirekodi. Akabonyeza kitufe chekundu cha redio kaseti pamoja na kile cha kuchezea kanda, vilevile kama wewe, akaanza kuimba upuuzi wake. Kanda ilikuwa ndani. Hakujua, wala sisi hatukujua.

Kesho yake nikaiweka nikusikie, nikamsikia yeye. Nilimchukia, dada, na bado namchukia. Lakini mtani hashtakiwi kwa alilofanya msibani, na nikinuna wazee wataniuliza nimelelewa wapi. Alipopata habari alikuja nyumbani, akakaa kizingitini, akashindwa hata kutania. Hasira yangu sina pa kuipeleka.

Tumeshahamia Ntalikwa, kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari. Mama macho hayaoni tena. Kila jioni ananiambia, "Kalunde, niwekee ule wangu." Namjibu betri zimekwisha na duka la ushirika halina. Ilikuwa kweli. Jana zililetwa, na jirani kwa wema wake akamkabidhi Mama mkononi. Ameziweka chini ya mto anangoja kesho, arobaini yako.

Nitafanyaje, dada? Ubeti wa kwanza ninao, ule wa Mama anapepeta mtama huku anakuombea. Wa pili unaanzaje? Nimehangaika na gitaa mpaka vidole vimechubuka. Nipe hata neno moja, mengine nitayatafuta. Yule mwenye bendi alipotaka uimbe nyimbo zake, ulimwambia, "Zangu zinanitosha." Zilikutosha wewe. Sisi zimetupungukia.

Leo mchana Mama amesinzia, nikazichukua zile betri, nikasikiliza tena kwa sauti ya chini. Nilikuwa sijawahi kumvumilia yule mtani mpaka mwisho. Anaponyamaza, umebaki mkia wa wimbo wako. Gitaa linamalizia, halafu unauliza, "Mama, nimepatia?" Na Mama anajibu kutoka jikoni, "Rudia." Mnacheka wote wawili, kanda inakatika. Nimelia, nikazirudisha betri chini ya mto.

Kwaheri, dada yangu. Pumzika, mimi bado siwezi. Nakuahidi kesho sitamdanganya tena. Nitamweleza yote, kisha nitamwimbia ubeti nilio nao, kwa hii sauti yangu uliyokuwa ukiicheka. Akisema rudia, nitarudia.

Mdogo wako,
Kalunde