Kamba ya Ndama

Baba Wegesa,

Ukiamka, uji uko kwenye sufuria. ~~Chai nimekuchemshia.~~ Chai chemsha mwenyewe, tena ya rangi, maana maziwa hakuna.

Unajua kwa nini? Jana kamba ya besi yako ilikatika, ukachukua ya ndama ukaifunga kwenye lile sanduku lako la kupigia besi, na ndama ukamfunga kwa maganda ya mgomba. Nilikuambia hayatashika. Ukasema tukitoka harusini utambadilishia. Tumerudi, umelala na viatu. Asubuhi nimeshika kibuyu naenda kukamua, nakuta ndama amekata maganda, amenyonya mpaka tumbo limekuwa ngoma, na mama yake hana hata tone.

Na leo ndiyo siku baba yako anakuja. Ng'ombe huyo alitupa yeye, wajukuu wake wasikose maziwa. Lazima atauliza. Mimi mkamwana siwezi kukaa naye nikaongea, kwa hiyo utamweleza wewe. Mweleze na habari za bendi, maana anadhani uliacha.

Ulipiga vizuri, sikatai. Hata mimi nilicheza. Lakini wenzangu walikuwa wanasikia besi, mimi nasikia kamba yangu.

Niko shamba la wimbi na Wegesa, tunapalilia. Kuku usimchinje, anaatamia. Viti vifute vumbi.

Sanduku lako liko nyuma ya mlango. Kamba usiitafute, iko shingoni mwa ndama. Ukitaka kupiga jioni, kamwombe yeye.

Mama Wegesa