Kabati Linalokohoa

Mdogo wangu mpenzi,

Huku tupo, na paa la jikoni limeacha kuvuja. Kazi yangu ni ile ile ya kuhamishia magonjwa ya watu kwenye vyombo. Juzi mafua ya fundi cherehani niliyatia kwenye birika, likashinda linapiga chafya, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Kikohozi cha mama nimekitia kwenye kabati la nguo. Yeye anatamba kwa majirani, "Mwanangu mkono wake dawa!" Gauni lako amelitoa humo, eti lisije likaambukizwa. Majirani nao wananipongeza, maana kila kukicha kabati linazidi kutulia.

Wateja huwa hatuwaambii, lakini wewe ni damu yangu. Mimi nahamisha sauti na maumivu tu. Kifua kibovu kinabaki na mwenyewe. Na kikohozi kilichohamishwa huishiwa nguvu pale mwenyewe anapoishiwa nguvu.

Mama amenikataza kukusumbua, una mitihani. Ila leo asubuhi imenibidi nibandike sikio kwenye mlango wa kabati ndipo nikalisikia likikohoa.

Panda basi la kwanza.

Dada yako