Matawi Niliyochomeka Topeni

Mshauri wetu, shikamoo. Naomba unisikilize hadi mwisho, maana nikikatisha hapa sitaandika tena. Nina mtoto wa miezi saba, tena ndimi mtunza daftari wa kikundi chetu cha kupanda mikoko mlangoni mwa mto, na mwenyekiti wetu ni mama mkwe, ambaye ndiye anayenishikia mtoto nikienda kufua nguo za watu, sasa hapo uone nilivyobanwa.

Mwaka jana tulipanda miche kwenye tope la mbele kabisa kwa sababu ni peupe na hakuna mizizi ya kukukwaza, ikafa karibu yote, nami niliona mapema kwamba pale hata wakati wa maji kupwa bado yanafika magotini, ilhali huku juu karibu na mikoko mikubwa machipukizi yanaota yenyewe bila kuguswa na mtu. Nikamwambia mama mkwe. Akasema, "Mwanangu, wewe umeolewa hapa juzi tu. Tope hili nimelikanyaga kabla hujazaliwa." Wenzangu wakacheka, nami nikacheka, nikaandika daftarini kwamba miche inaendelea vizuri.

Kisha wageni wa mradi wakasema wanakuja kukagua, na mama mkwe akanituma nikate matawi mabichi ya mikoko niyachomeke palipokufa miche ili waone kijani, nami nikaenda, mtoto mgongoni, nikaikata mikoko ileile tuliyoapa kuilinda. Wageni walisimama mbali kwa kuhofia viatu vyao, wakapiga picha, wakasifu, wakaahidi kutuletea mbegu zote za msimu huu tuzipande mwisho wa mwezi, tope lilelile. Tangu hapo situlii, nafua shati moja mara mbili. Nikisema, namwaibisha mama aliyenipokea kama binti yake. Nikinyamaza, mbegu zote zinakwenda kufa, na maji tayari yanakula uwanja nyuma ya jiko letu. Nishike lipi?

Mtunza Daftari

Binti yangu, pole kwanza. Kunyonyesha, kufua na kubeba siri ya kikundi kizima si mzigo wa mtu mmoja. Sasa pole imekwisha. Panga alishika nani? Daftari aliandika nani? Mama mkwe alituma, lakini mkono ulikuwa wako, basi usijiweke pembeni kama mtazamaji.

Maji yakiwa yamekupwa, mwombe mama mfuatane hadi topeni, nyinyi wawili tu. Anza na lako: "Mama, mimi niliandika uongo, na naona aibu." Halafu nyamaza. Mwache ang'oe tawi mwenyewe aone halina mzizi, kisha mpeleke kwenye yale machipukizi ya juu. Labda alijua siku zote, akakosa mlango wa kutokea. Mpe huo mlango: yeye ndiye awatangazie wanakikundi kwamba mwaka huu mnapanda juu, na yeye ndiye awapigie simu wageni awaambie ukweli.

Akikataa, siku ya kupanda fungua daftari mbele ya wote, kiri uongo ulioandika na utaje miche iliyokufa kabla gunia la mbegu halijafunguliwa. Atanuna, ndiyo, na huenda ukafua wiki nzima na mtoto mgongoni. Kununa kwa mkwe kuna mwisho wake. Mbegu zikishazama kwenye maji yale, hakuna wa kuzirudisha.