Mpunga wa Majivu

Mbeya, 9 Mei 1976

Kwako Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na miguu imeacha kuuma. Mimi ni mzima, ila baridi ya Mbeya inaniandama kila asubuhi. Msalimie Mwalimu Apolonia wa kisomo chako cha watu wazima. Najua ndiye anayekusomea, basi asiruke maneno.

Mama, nina ombi. Hapa kituo cha utafiti tunatengeneza mashine ya kupima ukavu wa nafaka. Unamimina mpunga kwenye kikombe chake, umeme wa betri unapita ndani, na mshale unaonyesha kama umekauka au bado una maji. Kazi ni kuufundisha huo mshale useme kweli. Nilimwambia mkuu wangu, Bwana Yotamu, kwamba mama yangu anatikisa mpunga kwenye kibuyu na kuujua ukavu kwa sikio, wala sijamwona akikosea. Alicheka sana, halafu akasema, "Mwandikie." Naomba vifurushi kumi, kila kimoja na maneno ya sikio lako.

Mwanao,
Nyanda

Chimala, 2 Juni 1976

Mwanangu Nyanda,

Marahaba, baba. Sisi wazima, miguu ni ile ile. Mimi nasema, Apolonia anaandika. Anasema hajawahi kuruka neno, na ukimsingizia tena atakuchapa.

Vifurushi nimempa dereva wa lori. Roza jirani yangu alikuja kunisaidia kutikisa, tukacheka mpaka machozi. Saba ni mpunga uliotoka uwanjani moja kwa moja. Vitatu nimetoa kwenye kihenge, ule tunaochanganya na majivu usiliwe na wadudu, kama bibi yako alivyofanya kule Usukuma kabla hatujahamia huku. Tunaupepeta, lakini vumbi la majivu haliishi. Huo nao uupime vizuri, kwa sababu ndio tunaouza sisi. Mpunga mkavu kibuyuni unalia kama mvua juu ya bati, na huo unalia hivyo hivyo. Ni mkavu. Niliusikiliza mara mbili.

Nimewaambia wenzangu kwamba mwanangu anatengeneza sikio la chuma. Usiniaibishe.

Mama yako,
Mbuke

Mbeya, 30 Agosti 1976

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, tena nina furaha. Vifurushi saba mshale umekubaliana na sikio lako bila kupishana. Vile vitatu vilitusumbua, tumeviweka kando, usiwe na wasiwasi.

Mashine tuliipeleka kwenye maonyesho ya kilimo Iringa, na aliyesimama kuieleza ni mimi, ndani ya suti ya kuazima! Nimepandishwa cheo. Kuna habari pia za kunipeleka Ulaya kusoma. Msimu ujao mashine moja itawekwa kituo cha kununulia mpunga hapo Chimala. Waambie akina mama waiamini. Karani hatang'ata tena punje na kusema anavyotaka.

Mwanao,
Nyanda

Chimala, 24 Julai 1977

Mwanangu,

Hujambo? Hujaandika tangu Machi. Sisi tunaendelea, ingawa kuna jambo.

Mashine imefika. Siku ya kwanza nilitangulia mbele ya wote na kitenge kipya, ungedhani naoza binti. Karani akamimina mpunga wa Roza, mshale ukasema maji. Akamimina wangu, maji. Kila mwenye kihenge cha majivu aliambiwa maji. Wenyeji wasiotia majivu walipokelewa. Nikatikisa kibuyu palepale, nikasikia mkavu. Roza akaniuliza, "Sasa dada Mbuke, tufuate kipi?" Nikamjibu tufuate mashine, mwanangu hawezi kutuletea kitu cha uongo.

Tumeanika tena siku tisa kwenye jua kali. Mshale bado unasema maji. Tunakosea wapi? Nijibu upesi.

Mama yako,
Mbuke

Chimala, 11 Septemba 1977

Nyanda,

Salamu. Dereva wa lori anasema u mzima, na barua yangu alikupa mkononi.

Mpunga tumeuanika mpaka umepasuka ndani ya ganda. Karani akikoboa kidogo kiganjani anaona chenga tupu, kwa hiyo sasa anaukataa kwa sababu ya chenga. Jasho la mwaka mzima limekwenda. Roza hanisalimu kisimani.

Jana nilimwomba Apolonia anisomee barua zako zote. Alipofika pale ulipoandika, "Vile vitatu vilitusumbua, tumeviweka kando," nikamwambia arudie. Vitatu ndivyo vilikuwa vya majivu. Ulijua?

Mama yako,
Mbuke

Mbeya, 18 Oktoba 1977

Mama,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Nilijua. Mshale ulisema vyote vitatu vina maji. Tulipokausha konzi moja ya kila kimoja kwenye tanuri na kuipima kwa mizani, tukakuta vilikuwa vikavu kama ulivyosema. Majivu yana chumvi, na chumvi inapitisha umeme. Bwana Yotamu akasema kuanza upya kutakula mwaka, na maonyesho yamekaribia. Akaniambia nivitoe kwenye ripoti, nikavitoa. Sahihi ni yangu.

Naondoka Januari kwenda masomoni. Kabla ya hapo wakubwa watakuja Chimala kuuliza habari za mpunga uliokataliwa. Wataandika kwamba akina mama hawakujua kuanika. Nakuomba, Mama, usipinge. Barua hii na ile ya Agosti mwaka jana zichome. Nikirudi nitaitengeneza mashine vizuri. Wewe ndiye uliyenisomesha, usikubali kazi yako ipotee.

Mwanao,
Nyanda

Chimala, 20 Novemba 1977

Nyanda,

Naandika kwa mkono wangu. Barua yako pia nimeisoma mwenyewe, siku mbili. Sikutaka Apolonia asikie.

Wakubwa walikuja Alhamisi. Walisema hatujui kuanika mpunga. Roza akainamisha kichwa. Mimi nikasimama, nikawapa barua zako mbili. Mmoja alisoma kwa sauti. Alipofika "usipinge" alikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Na mimi nina kosa. Sikio langu liliniambia kweli, nikalinyamazisha kwa sababu mashine ni ya mwanangu. Nimewaambia hivyo mbele ya watu wote. Roza nimemwomba radhi. Bado hajajibu.

Karani angenidanganya ningezoea. Wewe nilikupa sikio langu, ukalitumia kuwapimia wengine, sisi ukatuweka kando. Inaniuma sana.

Sijui kama utasafiri. Sijauliza.

Vile vifurushi vitatu, kama bado viko huko, mpe dereva aniletee. Mvua imekaribia, na kihenge changu hakina mbegu isiyopasuka.

Mbuke