Pipa Lililopoa Nyuma ya Kiwanda

Kamau, rika langu,

Tangu tukuzike mvua imekwisha, na baridi ya Julai imeshika Ruiru. Ukungu hauondoki mtoni mpaka jua liwe juu kabisa. Nakuandikia nikiwa Thika, koti begani, kwa sababu sina mwingine wa kubishana naye habari za injini. Na kwa sababu kuna jambo la nyumbani kwako ambalo nimeshindwa kulimaliza.

Boila yako imezimwa. Nilikuwepo. Walivuta makaa ya mwisho nje, wakayamwagia maji, na ile injini ya mvuke uliyoilea tangu tukiwa na meno yote ikapunguza mwendo, ikahema, ikasimama. Siku hizi mkonge unachakatwa kwa injini ya dizeli. Sitaidharau, ni injini nzuri. Hubana hewa mpaka hewa yenyewe inapata moto wa kuwasha mafuta bila kiberiti. Mafuta yakiwaka, ile hewa hutanuka na kusukuma pistoni, kisha moshi hutupwa nje, na hewa mpya huingia. Ungeitukana wiki nzima, halafu ungeipenda.

Lakini pipa limepoa, Kamau.

Unakumbuka tulivyogombana juu ya pipa hilo? Nilikutembelea Jumapili moja, nikachora kwa kipande cha kaa, hapo sakafuni karibu na boila, ule mzunguko ninaowafundisha vijana wa ufundi. Pampu inasukuma maji ndani ya boila, moto unayageuza kuwa mvuke, mvuke unasukuma pistoni, kisha unapozwa uwe maji tena na safari inaanza upya. Nikakuambia kwamba huu niliouchora ni mzunguko kamili: mabomba hayavuji, chuma hakisuguani, joto halitoroki njiani. Ulicheka mpaka ukakohoa.

"Mwalimu, hiyo injini yako ya sakafuni haijawahi kulishwa kuni mbichi! Niachie wiki moja tu, tuone kama haitalia kama hii yangu."

Nikakueleza kwa utulivu, kama kawaida yangu, kwamba hata hiyo kamili haigeuzi joto lote kuwa kazi. Sehemu yake lazima itupwe mahali penye baridi, la sivyo mvuke haurudi kuwa maji na mzunguko haufungi. Kwako lilitupwa kwenye maji ya mto, yaliyoingia baridi yakipita kando ya mabomba ya mvuke, na kutoka upande wa pili yakiwa moto. Nikakuonyesha yanapotokea. "Hilo ndilo joto lililopotea," nikasema.

Ukanishika mkono ukanipeleka nyuma ya kiwanda. Ulikuwa umekinga pipa. Wanawake wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, walikuwa wamepanga ndoo zao, mke wako Mama Njeri mbele.

"Limepotea kwa nani?" ukaniuliza.

Naye Mama Njeri akadakia, "Mwalimu, kama ni wewe unalitupa, basi usichoke kutupa!"

Walinicheka wote. Nilikwenda nyumbani nimenuna. Leo ningetoa chochote ninunishwe tena hivyo.

Sasa sikiliza. Njeri wenu amejifungua. Ni mvulana, wa pili, kwa hiyo kwa desturi yetu jina ni lako, la babu mzaa mama. Kamau amerudi, ndivyo wanavyosema wanawake, na mimi huitikia, ingawa moyoni... Amezaliwa mdogo sana. Yuko kwa bibi yake hapo laini, na kuni siku hizi za Hali ya Hatari haziokotwi hivi hivi. Wanawake hupelekwa kwa zamu, askari mbele na askari nyuma, na zamu nyingine haifiki. Kuna asubuhi mtoto hupanguswa tu kwa kitambaa chenye maji baridi. Ameanza kukohoa. Katika nyumba ile tulisikia kikohozi chako cha kutosha, na sidhani Mama Njeri anaweza kusikiliza kingine.

Kila akiamka huenda kwenye pipa na kutia mkono. Anajua ni baridi. Hutia tu. Nilimwona, nikageuza uso.

Basi nilikwenda kwenye dizeli, nikaigusa. Nayo hutupa joto, Kamau, haina ujanja wa kukwepa. Kuna maji yanayozunguka tumbo lake kuipoza. Yanatoka moto kabisa, yanamwagwa shimoni yapoe, kisha yanarudishwa kwa pampu. Nikamweleza meneja kwamba hatuhitaji kumnyang'anya hata kikombe kimoja. Bomba lipitishwe tu ndani ya pipa kabla ya kufika shimoni. Joto litapenya chuma liingie kwenye maji ya wanawake, na maji ya injini yataendelea na safari yakiwa yamepoa, jambo ambalo yeye mwenyewe analitaka. Fundi mpya alielewa mara moja. Meneja akasema, "Hapa ni kiwanda, Mwalimu, si wodi ya wazazi." Nilirudi nikaeleza tena. Nikarudi na mchoro. Sasa ananiambia ataangalia, na haangalii.

Mimi nimezoea kueleza. Wewe ungelifunga bomba hilo na kunawa mikono kabla sijamaliza kuchora.

Jumapili hii dizeli itasimama ili isafishwe. Fundi ameniambia spana ziko wapi, na kwamba yeye atakuwa kanisani. Nimeshapima bomba. Huenda wakaling'oa Jumatatu jioni. Huenda wakanifukuza nisikanyage tena hapo. Nakuahidi, nitalifunga hata hivyo, na wakiling'oa nitarudi.

Kwaheri, rika langu. Lala. Mama Njeri sijamwambia lolote. Jumatatu asubuhi injini ikishawashwa, mwache aende kama kila siku, atie mkono.

Mwalimu wako