Bonge Aliomba Maji

Mwanangu Profesa,

Baba yako anakusalimu, uvimbe wa mguu umepungua. Bibi yako anakusalimu, anauliza utaolewa lini. Wifi yako anakusalimu, mapacha wake wameota meno. Kaka yako naye anakusalimu. Angeandika mwenyewe, ila mikono yote miwili imefungwa plasta.

Ni Bonge, mwanangu, yule mliyekaa naye dawati moja, siku hizi anapakia makaa kwenye mtambo wa umeme. Yeye na wenzake walikusikia redioni ukiishauri serikali iufunge kwa ajili ya moshi. Wakaja wanne na marungu, tunakula. Picha yako ya joho wakaikanyagakanyaga.

"Msomi wenu anataka watoto wetu wale nini, vitabu?"

Bonge akamvunja kaka yako mkono mmoja, kisha kikohozi kikamshika, akainama, akatema damu sakafuni. "Mama, maji." Nikampa, si nimezoea kumpa tangu mdogo? Akanywa, akasema asante mama, akaokota rungu, akavunja wa pili.

Damu ya kaka yako nimeifuta ikatoka. Ya Bonge ilikuwa nyeusi kama masizi, mpaka leo doa lipo. Ndipo nikaelewa ulichosema redioni.

Wameapa ukija Jumamosi kusoma ripoti yako kwenye mkutano wa wananchi, watakuvunja miguu. Usije, nakusihi. Itume hiyo ripoti, kwa herufi kubwa na maneno ya kawaida, nitaisoma mimi. Bonge nitamwekea maji karibu.

Nijibu upesi, Jumamosi si mbali.

Mama yako